Ufaransa Wasiyoitaka Maktabani

Yote yalianza kwa sababu nilizungumza kwenye simu mlango ukiwa wazi. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, theluji imeshageuka matope ya kijivu pembezoni mwa barabara, nami nimesimama kizingitini namwambia mtoto wa dada yangu kwamba kama anaumwa koo aache kunywa soda baridi. Nilikuwa nasema naye Kifaransa. Watoto wa dada yangu wamezaliwa Ufaransa na Kiswahili chao kinaishia kwenye shikamoo, kwa hiyo natumia kile Kifaransa kibovu nilichokiokota kwao miaka ile. Nilipogeuka nikamkuta jirani yangu wa ng'ambo ya barabara amesimama chini ya ngazi, koleo la theluji mkononi, amenitolea macho.

"Hicho ni Kifaransa," akasema.

Nikamwambia ndiyo, kabla ya kuja huku niliishi Ufaransa kwa dada yangu.

"Miaka yote hii hukuniambia."

Hakuwahi kuniuliza. Tumeishi mtaa mmoja hapa Oakdale, Marekani, tangu binti yangu akiwa chekechea, na sasa yuko sekondari. Mama huyu ni mwalimu mstaafu, mtu mwema, kila Krismasi analeta biskuti kwenye kopo la bati. Lakini katika muda wote huo aliniuliza swali moja tu kuhusu nilikotoka, kama kwetu kuna majira ya baridi. Nilimjibu kwamba kwetu ni Tabora, akaitikia kwa kichwa kwa adabu, na Tabora ikaishia hapo. Sasa kwa neno moja la Ufaransa aliegemeza koleo ukutani, akapanda ngazi, akataka kujua kama Paris ni kama inavyoonekana kwenye sinema.

Nikamweleza kwamba Paris nimepita mara mbili, zote mbili sikutoka stesheni ya treni, na mojawapo nilikuwa nimempakata mtoto aliyenitapikia. Nilipoishi mimi ni mbali na Paris, mji mdogo kando ya mji wa viwanda.

"Kijiji cha Kifaransa," akasema, na uso wake ukalainika.

Si kijiji, nikamwambia. Hakusikia. Yeye na wenzake wastaafu huandaa mazungumzo kwenye maktaba ya mtaa, Jumamosi moja kila mwezi, mtu anasimulia mahali alipowahi kuishi au kutembelea. Mwezi uliopita bwana mmoja alionyesha picha za samaki aliowavua Alaska. Jirani alikuwa anatafuta mtu wa mwezi wa nne, na sasa amempata.

Nilikubali. Nimejiuliza baadaye kwa nini, na jibu si gumu. Ninafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kutwa nzima nasikiliza habari za wengine: watoto wao, mbwa wao waliokufa, mashamba waliyouza. Hakuna aliyewahi kuniomba nisimame mbele ya watu nisimulie kitu. Hata ikiwa kitu chenyewe ni Ufaransa.

Mume wangu, ambaye ni Mkenya na hapendi mambo marefu, alicheka alipoambiwa. Alikuwa ametoka kazini, viatu bado miguuni.

"Wewe wapatie Paris tu," akasema. "Ule mnara, perfume, wapendanao wakitembea kando ya mto. Nani ata-check?"

"Sijaishi Paris."

"Na wao je, wameishi? Mama, wanataka kufurahi kidogo halafu waende nyumbani. Usiwachokeshe na mambo ya kiwanda."

Niliudhika, nikamwambia avue viatu.

Binti yangu ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza slaidi, maana mimi kompyuta naijua ya kazini tu. Alikaa mezani jikoni, akaandika jina la ule mji, akasoma alichokiona. Halafu akanigeuzia skrini. Ukurasa mzima ulikuwa mistari michache: mji uko mkoa gani, unapakana na miji gani mingine, una wakazi wangapi, na picha ya kanisa iliyopigwa siku ya mawingu.

"Mama, hapa hakuna kitu," akaniambia kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia vizuri kabisa, ila mdomo wake hautaki kukitoa.

Nilikuwa nakata vitunguu, nikaweka kisu chini. Nikamwambia sogeza hiyo mashine, nikakaa, nikaanza kumweleza kilichopo.

Mji wenyewe sitautaja, kwa kuwa dada yangu bado anaishi pale na ameshanigombeza vya kutosha. Uko mwendo mfupi wa basi kutoka mji mkubwa wa viwanda. Huwezi kuuita kijiji, maana hakuna anayelima isipokuwa wazee wenye vibustani vyao nyuma ya reli. Wala huwezi kuuita mji, maana ukitaka kununua soksi inabidi upande basi. Wafaransa mahali kama hapo wanapaita komuni, na kila komuni, hata iwe na barabara moja, ina meya wake, ofisi yake yenye bendera, na ukumbi wa sherehe ambao ukitaka kuukodi lazima uanze kuulizia mwaka uliotangulia. Komuni ya dada yangu ilikuwa na barabara moja kubwa, kanisa lililofunguliwa kwa mazishi tu, shule, duka la dawa, duka la mkate, na kipilefti ambacho katikati yake waliweka toroli la machimbo la zamani, wakalijaza maua mekundu. Juu ya toroli lile palikuwa na ubishi usioisha. Nusu ya watu walisema linazuia madereva kuona. Nusu nyingine walikuwa na babu aliyewahi kusukuma matoroli kama lile, na hawakutaka kusikia.

Saa moja jioni kila nyumba ilifunga madirisha yake ya mbao. Siyo mapazia, mbao, zinagongana pa pa pa mtaa mzima. Mwezi wa kwanza nilidhani kuna hatari. Nilimuuliza dada yangu wanaogopa nini, akasema hawaogopi kitu, ndivyo wanavyofunga siku. Nilitoka Tabora, ambako jioni ndiyo watu wanatoka nje kukaa. Nilikaa ndani ya nyumba ile yenye giza na jua bado linawaka nje, nikamlaani shemeji yangu kimoyomoyo kwa kutuleta huko.

Shemeji alifanya kazi kwenye kiwanda cha mipira ya milango ya magari, ile mikanda myeusi inayozuia maji ya mvua kuingia. Kiwanda kilikuwa upande wa mji mkubwa, lakini upepo ukigeuka harufu yake ilitufikia. Mpira ulioungua kidogo, na kitu kingine ndani yake kitamu kitamu. Nguo zikiwa zimeanikwa, unazianua mbio. Dada alikuwa akifungua dirisha asubuhi, ananusa, anaamua kama atafua au hatafua.

Binti yangu alikuwa ameacha kuandika, anasikiliza. Nikamweleza habari ya duka la mkate.

Siku yangu ya kwanza kutumwa mkate niliingia dukani na fedha mkononi, nikasema maneno niliyofundishwa na dada: mkate mmoja, tafadhali. Mama mwenye duka akanitazama, akasema, "Bonjour." Nikarudia: mkate mmoja, tafadhali. Akasema tena, kwa sauti ile ile, "Bonjour." Nikadhani hanisikii. Nikanyoosha kidole kwenye mkate. Akafunga mikono kifuani. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni, na hakuna aliyelalamika, wote walikuwa upande wake. Nilipotambua anataka nini, nilisikia aibu mpaka masikioni. Mimi, niliyelelewa na bibi ambaye usipomwamkia vizuri hakupi hata maji, nilikuwa nafundishwa adabu ya salamu na mama wa Kizungu mwenye unga kwenye nyusi. Nikasema bonjour. Akanipa mkate. Kuanzia siku hiyo mpaka nilipoondoka hatukuwahi kugombana tena, na siku nilipomuaga alitoka nyuma ya meza yake akanibusu mashavu yote mawili.

"Sawa," akasema binti yangu. "Lakini unavyoeleza, ni kama Oakdale."

Nikamwambia si kama Oakdale hata kidogo. Akahesabu kwa vidole: hapa kuna vipilefti, hakuna anayetembea kwa miguu, watu wanajifungia ndani, na ukitaka kitu cha maana unaenda mjini. Nikamwambia aendelee na slaidi.

Picha zangu za wakati ule zilikuwa chache, nyingi za watoto kwenye mabeseni ya kuogea. Kwa hiyo nikampigia dada simu anisaidie. Dada yangu amenizidi miaka tisa, na anasema nami kana kwamba bado ananibeba mgongoni. Akasema hakuna shida, atazunguka apige picha. Jioni zikaja. Kanisa, shule iliyopakwa rangi upya, toroli la maua. Halafu picha moja ambayo sikuielewa: kibanda cha chuma cha rangi ya njano kando ya ukuta, chenye kioo na kitundu chini.

"Hiki ni nini?"

"Mkate," akasema. "Duka lilifungwa. Yule mama alistaafu, hakupatikana wa kulichukua. Meya akatuletea mashine. Unabonyeza, mkate unashuka, hata wa moto. Usiku wa manane ukitaka unapata."

"Nani anataka mkate usiku wa manane?"

"Wewe hupendi maendeleo tangu utotoni."

"Na yule mama yuko wapi?"

"Yuko kwa mwanawe, kusini huko. Mbona unapandisha sauti? Ni duka tu."

Sikujua mwenyewe kwa nini napandisha sauti. Nilikuwa nimemweka yule mama nyuma ya meza yake na mikono kifuani miaka yote hii, na hakuna aliyenitaarifu kwamba ameondoka. Nikamwambia dada angalau angenijulisha. Akasema hakujua kwamba mkate wa Ufaransa unanihusu nikiwa Marekani. Tukaagana hivyo hivyo.

Jumamosi ya maktaba tulifika mapema, mimi na binti yangu. Mume wangu alikuwa zamu. Kwenye mlango wa kioo palibandikwa bango kubwa lenye picha ya ule mnara, chini yake maandishi ya mbwembwe: Alasiri ya Paris. Jina langu lilikuwa limekosewa herufi mbili.

Nililisoma bango hilo mara mbili. Binti yangu akanishika kiwiko, akaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba nisianze.

Ndani jirani yangu alikuwa amejitahidi, lazima niseme. Vitambaa vya meza vya mirabamiraba, muziki wa kinanda cha mkono kutoka kwenye spika ndogo, sinia la mikate ya siagi iliyopindwa kutoka kwenye lile duka kubwa la jumla. Alikuwa amevaa kofia bapa nyekundu iliyoinamia sikio. Akanijia kwa mikono miwili, na katika mkono mmoja alishika kofia nyingine kama ile, nyeusi.

"Hii ni yako," akasema.

Nikamwambia asante, nina nywele nilizosuka jana.

"Kwa picha tu."

"Hapana, asante."

"Dakika moja tu, halafu unaivua."

Nikamweleza polepole, kwa ile sauti ninayotumia kazini kwa mzee asiyetaka dawa, kwamba sikuwahi kuona mtu yeyote mwenye kofia hiyo katika mji niliokaa, isipokuwa mlevi mmoja, na hata yeye aliivaa baridi ikizidi. Na tena sikuja kuzungumzia Paris. Akanipapasa bega. "Wewe zungumzia unachotaka, mpenzi. Bango ni kwa ajili ya kuwavuta watu."

Walivutwa watu kumi na kitu. Wengi wazee, mama mmoja na mtoto mchanga, wanandoa wawili waliokuwa wanakwenda Paris kiangazi na walikuja na kalamu. Nikaanza. Nikaonyesha kanisa. Nikaonyesha toroli. Nilipofika kwenye mbao za madirisha, yule bwana mwenye kalamu akanyoosha mkono, akauliza ni mtaa gani mzuri wa kupanga chumba karibu na mnara. Nikamwambia sijui. Mke wake akauliza mvinyo niliopenda zaidi. Nikamwambia sinywi. Mwingine akauliza kama ni kweli Wafaransa ni wakali kwa wageni, nikaona afadhali, hili ninaliweza, nikasimulia duka la mkate mpaka mwisho. Walicheka mahali pake. Lakini nilipofika kwenye mashine ya njano mama mmoja akasema, "Nzuri hiyo, tungekuwa nayo hapa," na wale wenye kalamu wakavaa makoti yao kimyakimya wakatoka. Walichukua mikate miwili njiani.

Nikaendelea. Nikawaeleza harufu ya mpira. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nasema tu ili nimalize.

Mzee mmoja wa nyuma, aliyekaa na koti lake begani tangu mwanzo, akauliza, "Upepo wa upande gani?"

Nikamwomba arudie.

"Hiyo harufu. Ilikuja upepo ukitoka upande gani?"

Katika yote niliyojiandaa kuulizwa, hilo halikuwemo. Nikafikiri. Nikamwambia mashariki, kwa sababu vyumba vya nyuma vilinuka kwanza. Akaitikia kwa kichwa kama aliyepata alichokitaka. Akasema alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kimoja Saint Paul, mji mkubwa wa jirani, kwenye gundi, na mke wake alimfanya avue nguo gerejini majira yote, hata mwezi wa kwanza.

"Dada yangu alifanya hivyo hivyo," nikamwambia. "Shemeji alikuwa anavulia nguo kwenye ngazi za chini, majirani wanapita."

Watu wakacheka, na hapo jirani yangu, bado na kofia yake nyekundu, akasema kutoka kwenye meza ya kahawa, "Mimi nimekulia South Saint Paul."

Wote wakamgeukia. Inaonekana wenyeji walijua maana yake, mimi sikujua. Akanieleza. Kulikuwa na mazizi makubwa ya ng'ombe na nguruwe, na machinjio, na upepo ukitoka huko mama yake alikuwa anatoka nje mbio kuanua mashuka. Shuleni watoto wa miji mingine waliziba pua walipoambiwa anatoka wapi. Aliapa akiwa msichana kwamba akikua ataishi mahali pasipo na harufu.

"Ndiyo nikaja hapa," akasema.

Nilimtazama. Miaka yote ya biskuti za Krismasi na sikujua hata hilo. Lakini nami sikuwahi kumuuliza.

Baada ya hapo mazungumzo hayakuwa yangu tena. Yule mzee akaeleza harufu ya gundi, mwingine akasema kwao Iowa ilikuwa mahindi yaliyochacha, mama mwenye mtoto akasema baba yake bado ananuka samaki wa makopo. Walibishana kuhusu mwaka mazizi yalipofungwa. Slaidi zangu sita za mwisho hazikuonyeshwa. Nilikaa kwenye kiti changu mbele nikisubiri warudi Ufaransa, na hawakurudi. Nilipigiwa makofi marefu mwishoni, kwa kitu ambacho nusu yake sikukisema.

Tulipokuwa tunakunja vitambaa jirani yangu aliniambia ilikuwa alasiri bora kuliko ya samaki. Akaniuliza kama mwezi wa tisa ningekuja kusimulia Afrika.

"Afrika yote?"

"Saa moja tunakupa," akasema. Halafu akaona uso wangu, nadhani, maana akasimama na kitambaa kimekunjwa nusu. "Au ule mji wako. Umewahi kunitajia. Ule unaoanza na T."

Nikamwambia nitafikiri. Nilikuwa nimechoka.

Dada alipiga simu Jumapili, niko jikoni napika maharage. Binti yangu alikuwa ameshamtumia video ya mazungumzo, na dada ameitazama yote.

"Umewaambia Wamarekani kwamba kwetu kunanuka," akasema, bila salamu.

Nikamwambia kwanza, si kwake, kwake ni Tabora. Pili, ni kweli.

"Hakunuki tena. Kiwanda kimepunguza kazi, shemeji yako hakuwaambia? Hewa ni safi. Tumepanda miti njia nzima ya reli. Na hukusema chochote kuhusu sikukuu ya liki."

"Sikukuu ya nini?"

Liki ni mboga, mfano wa kitunguu kirefu, ndizo wazee wale wanazopanda nyuma ya reli. Kumbe kila msimu wa majani kupukutika komuni inafanya sikukuu yake, na dada yangu yuko kwenye kamati. Anasimamia supu. Meya mwenyewe amemwomba. Na mbona nimeonyesha kanisa na sikuonyesha maktaba mpya, na kwa nini nilisema basi linakoma jioni wakati siku hizi lipo mpaka usiku, na toroli si la zamani tu, ni urithi, kuna kibao sasa.

Niliweka simu mezani, sauti ikiwa juu, nikaendelea kukoroga. Binti yangu akavuta kiti akakaa mbele ya simu, akamuuliza mama yake mkubwa, kwa Kiingereza, supu hiyo inapikwaje. Dada akajibu kwa Kiswahili kilichojaa Kifaransa, majina ya vitu vya jikoni yote ya Kifaransa. Binti yangu akanitazama. Nikatafsiri. Dada akasema nimetafsiri vibaya, siyo maziwa, ni malai. Nikatafsiri tena. Binti yangu akauliza kama wanaweka pilipili, na kutoka upande wa pili nikamsikia dada akivuta pumzi ndefu kabla ya kujibu.